Kupitisha waya za gia kwenye fremu ya zamani ya baiskeli ya mbio: mwongozo kamili

Ukiona gia za baiskeli ya zamani zinasumbua, yaani cheni inapanda kwenye sproketi (gurudumu la meno la nyuma) kubwa fresh kabisa ila ukitaka irudi kwenye ndogo inakawia au inagoma mpaka uipige teke, usikimbilie kununua direla nyingine, yaani kile kifaa kinachoihamisha cheni. Nimeona watu wanabadilisha direla mara mbili, mara tatu, na tatizo liko palepale, kumbe shida ni njia anayopita waya kutoka kwenye leva (kile kipini cha kubadilishia gia) mpaka kule nyuma.

Sababu yake ni hii, na ukiishika hii mwongozo wote utakuwa rahisi: kuivuta direla kwenda sproketi kubwa ni kazi ya mkono wako, na mkono una nguvu, unaweza kuvuta hata waya uliojaa kutu. Kuirudisha kwenye sproketi ndogo ni kazi ya springi ndogo iliyo ndani ya direla, basi, hakuna anayeisaidia. Kila kona kali, kila ganda lililokatwa vibaya, kila tope kwenye mfereji, springi ndiyo inayolipa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini jiulize, hapa naisaidia springi au naizidishia mzigo?

Maneno kidogo kwanza

Waya ni ule wa ndani unaovutwa. Ganda ni ule mrija wa nje ambao waya unapita ndani yake. Kituo ni kile kikombe kidogo kwenye fremu ambacho ganda linaishia na waya unaendelea ukiwa wazi. Kofia ni kile kifuniko kidogo kinachovalishwa mwisho wa ganda. Bomba la chini ni lile linalotoka kwenye hedi (bomba fupi la mbele, chini ya hendeli) kwenda kwenye pedali, na mkono wa cheni ni lile bomba jembamba la kulia linalotoka kwenye pedali kwenda gurudumu la nyuma. Leva ya kulia ni ya direla ya nyuma, ya kushoto ni ya mbele.

Isome fremu kabla hujanunua kitu

Fremu za zamani hazifanani, na hapa ndo watu wengi wanapotea, wananunua seti ya waya alafu wanaanza kulazimisha. Igeuze baiskeli, iangalie taratibu.

Kwenye bomba la chini angalia leva zimeshikwaje. Kuna zilizofungwa kwa bangili ya chuma inayozunguka bomba, na kuna fremu zenye vitako viwili vilivyochomelewa pembeni, leva inafungwa hapo moja kwa moja. Bangili ndiyo ya zamani zaidi, vitako vikaja kuzoeleka baadaye, hasa miaka ya 1980. Kama ni bangili, jua kipimo cha bomba: fremu nyingi za chuma za Uingereza, Italia na Japani ni 28.6 mm, ila fremu nyingi za zamani za Ufaransa ni 28 mm kamili. Hiyo 0.6 inaonekana si kitu lakini bangili ya 28.6 kwenye bomba la 28 itateleza kila ukivuta leva, na rangi itakwanguka. Chini ya bomba huwa kuna kijipele kidogo cha chuma, kazi yake ni kuizuia bangili isishuke, hakikisha bangili imekaa juu ya hicho kijipele na siyo chini yake. Kama fremu haina kijipele, weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya ndani kati ya bangili na bomba, kitashika na rangi itapona.

Sasa shuka kwenye pedali. Waya unapita juu ya lile bomba la ekseli au chini yake? Fremu za zamani zaidi zinapitisha juu, kwa vijimfereji vilivyochomelewa au kwa bangili nyingine ndogo yenye vishikio viwili. Za baadaye zinapitisha chini, ama kwa mifereji ya chuma ama kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu moja. Njia ya juu haipati tope nyingi lakini kona yake inaweza kuwa kali. Njia ya chini imenyooka zaidi ila inakula tope na maji yote yanayorushwa na gurudumu la mbele. Zote zinafanya kazi, cha msingi ujue yako ni ipi ili ujue pa kusafisha.

Mwisho angalia mkono wa cheni. Kituo cha ganda kipo wapi? Kimechomelewa au ni cha bangili? Tundu lake lina upana gani? Hili la tundu lipime kabisa, kwa sababu vituo vingine vya zamani vilitengenezwa kupokea ganda la 5 mm likiwa tupu bila kofia, ukija na kofia ya kisasa haiingii, na ukiitoboa fremu kwa drili ili iingie umeiharibu fremu milele. Usifanye hivyo. Tafuta kofia nyembamba yenye ngazi, au tumia ganda la kipimo kile kile.

Vya kuwa navyo

Waya wa gia wa chuma kisichoshika kutu, unene 1.1 au 1.2 mm. Usitumie waya wa breki, ule ni mnene zaidi, karibu 1.5 au 1.6, na kichwa chake hakiingii kwenye leva ya gia. Angalia na kichwa cha waya wa gia wenyewe, maana leva za kampuni ya Campagnolo zinapenda kichwa kidogo kuliko cha kampuni ya Shimano, cha Shimano ukikilazimisha kwenye leva ya Campagnolo kinaweza kung'ang'ania humo ndani na kukitoa ni kazi. Kichwa kinatakiwa kizame kwenye shimo lake na kutoka bila kupigwa.

Ganda: hapa kuna aina mbili na lazima uzitofautishe. La gia za kubofya, lile la 4 mm, ndani lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, halibonyei ukivuta waya. La aina ya zamani ni chuma bapa kilichozungushwa kama springi, hilo linabonyea kidogo. Kama leva zako ni za kuteleza, zile zisizobofya ambazo unatafuta gia kwa mkono, ganda lolote kati ya hayo litafanya kazi. Kama leva zinabofya, yaani za kuanzia pale Shimano walipotoa SIS, mfumo wao wa gia za kubofya, kwenye seti yao ya Dura-Ace mwaka 1984 na kuendelea, lazima ganda la nyuzi za urefu, bila hivyo kila bofyo litakuwa na uongo kidogo na gia hazitakaa. Na tafadhali sana, hilo ganda la gia lenye nyuzi za urefu lisitumike kwenye breki hata siku moja. Breki inavutwa kwa nguvu kubwa, nyuzi zinaweza kupasua ganda na kutokea pembeni, na hapo huna breki.

Zana: mkasi wa kukatia waya, ule maalum wenye mdomo wa duara, si plaizi ya kawaida maana plaizi inaponda ganda badala ya kulikata. Tupa ndogo. Msumari mwembamba au sindano nene ya kuzibulia mrija. Spana ya boliti ya direla yako (kwenye za zamani mara nyingi ni ya nje, 8 au 9 mm, au ya pembe sita 5 mm), bisibisi, grisi kidogo, kitambaa.

Kutoa za zamani na kusafisha

Piga picha kwanza, pande zote, hasa pale kwenye pedali na kule nyuma. Weka cheni sproketi ndogo kabisa na cheniringi (gurudumu la meno la mbele, kwenye pedali) ndogo, sukuma leva zote mbele mpaka mwisho, legeza boliti za direla, kata ncha iliyochanguka, vuta waya utokee upande wa leva. Ganda la zamani usilitupe bado, ni kipimo chako, hata kama lilikuwa fupi au refu utajua uongeze au upunguze kiasi gani.

Halafu safisha mifereji ya pedali. Hapa usiwe na haraka. Kutu na grisi iliyokauka humo inakuwa kama msasa. Sugua kwa mswaki wa zamani, pitisha kipande cha waya mkukuu uende na kurudi mpaka usikie unateleza, kama kuna kutu sugua kwa msasa laini kabisa, futa, paka grisi nyembamba. Kama ni kipande cha plastiki na waya umeshachimba mtaro ndani yake, badilisha, hakina maisha tena. Mi huwa nachukua kipande cha mrija mwembamba wa plastiki, ule wa ndani ya ganda, naupitisha kwenye mfereji wa chuma na waya unapita ndani yake. Springi inapumua na rangi inapona.

Wakati waya haupo, ndo muda mzuri wa kuiangalia direla peke yake. Isukume kwa kidole kuelekea kwenye spoku huku unazungusha pedali, ikiachiwa irudi yenyewe kwa nguvu bila kusita. Kama inasita hapo na waya haupo, basi tatizo ni maungio ya direla, tia oili kwenye pini zake, isukume mara ishirini. Pia weka zile skrubu mbili za mipaka sasa hivi: ya nje ili cheni ikae sawa chini ya sproketi ndogo isianguke kwenye fremu, ya ndani ili hata ukisukuma kwa nguvu zote cheni isiingie kwenye spoku. Ukishafunga waya ni rahisi kujidanganya na kutumia skrubu hizi kurekebisha kitu ambacho si kazi yake.

Kukata ganda, hatua ambayo ina kila kitu

Kwenye fremu yenye leva za bomba la chini mara nyingi ganda ni kipande kimoja tu, kile kifupi cha nyuma kutoka kituo cha mkono wa cheni mpaka kwenye direla. Kwa sababu ni kimoja watu wanakidharau. Kumbe ndo kipande chenye kona kubwa kuliko zote, kinapinda karibu nusu duara, na springi inafanya kazi yake yote kupitia hapo.

Urefu wake? Fremu nyingi ni kati ya sm 25 na 35, ila usikate kwa namba, kata kwa macho. Cheni ikiwa sproketi ndogo, chomeka ganda kwenye kituo, lizungushe kwa nyuma likaingie kwenye ajasta ya direla (ile skrubu ya kuzungusha kwa mkono ambayo waya unapita ndani yake), na angalia ncha zote mbili: ganda liingie likiwa limenyooka na tundu, lisilazimishwe kupinda pale mlangoni. Kama linavuta ajasta juu au linajikunja kwa ghafla karibu na kituo, ni fupi. Kama limetoka nje sana na linayumba, au linagusa spoku au linakaribia ardhi, ni refu. Kisha isukume direla kwa mkono mpaka sproketi kubwa, uangalie tena, maana direla inahama na duara linabadilika. Niliwahi kukata fupi kwa sm 2 tu nikijua ni nadhifu zaidi, gia ya mwisho haikushuka wiki nzima mpaka nilipokata kipande kingine. Ukiwa na wasiwasi acha kirefu kidogo, kirefu kinapungua, kifupi hakirefuki.

Ukikata, weka kipande cha waya mkukuu ndani ya ganda halafu kata vyote kwa pamoja, mrija wa ndani hautaminywa sana. Kata kwa pigo moja. Angalia mwisho: uwe bapa na wima, si wa mshazari. Piga tupa taratibu mpaka uwe bapa, kisha ingiza sindano uzungushe kuufungua mrija wa ndani ambao karibu kila mara unakuwa umejifunga. Puliza vumbi la chuma litoke. Vaa kofia pande zote kama kituo kinaruhusu. Pitisha waya mpya kwa mkono, unatakiwa uende kama kwenye maji, ukihisi unakwaruza rudia, usiseme utazoea, hauzoei.

Grisi ndani ya ganda: lile la zamani la chuma kitupu lisilo na mrija lazima upake, la sasa lenye mrija wa plastiki halihitaji, tone la oili nyepesi linatosha, grisi nzito itafanya mwendo uwe mzito, ikipoa ndo kabisa.

Kupitisha waya wa nyuma

Sukuma leva ya kulia mbele mpaka mwisho. Ingiza waya kwenye tundu la leva, uvute mpaka kichwa kizame kwenye shimo lake. Hakikisha unatoka kwenye mtaro wa leva bila kupanda ukingo wake. Ushushe pembeni mwa bomba la chini upande wa kulia, uingize kwenye mfereji wa kulia wa pedali, uende kwenye mkono wa cheni, utokee kwenye kituo. Waya usiguse krenki (mkono wa pedali), usiguse cheniringi, na usigusane na waya wa mbele mahali popote.

Vaa ganda, likalishe kwenye kituo, waya uingie kwenye ajasta. Kabla hujafunga, ikaze ajasta yote ndani halafu irudishe nje mizunguko miwili, ili ubaki na nafasi ya kwenda pande zote baadaye. Sasa kwenye boliti ya direla angalia ule mtaro mdogo chini ya washa, waya ulale hapo hapo kwenye mtaro. Ukiupitisha upande usio wake wa boliti, direla itavutwa kwa kiasi tofauti na gia za kubofya hazitakubali hata urekebishe siku nzima. Vuta waya kwa mkono mpaka usiwe na ulegevu, si mpaka direla isogee, kisha kaza. Boliti za zamani ni ndogo, kaza ishike vizuri lakini usiikaze kama nati ya gurudumu.

Wa mbele

Huu ni mfupi. Leva ya kushoto mbele, waya upite upande wa kushoto wa bomba, uingie mfereji wake. Kama njia ni ya chini, unapita chini ya pedali halafu unapanda juu nyuma ya bomba la siti, katikati ya mikono miwili ya nyuma. Kama njia ni ya juu unageukia hapohapo na kupanda. Direla chache za zamani zina tundu la ganda kwenye mwili wake, hizo zinataka kipande kifupi cha ganda kati ya kituo cha pedali na direla, bila hicho hazifanyi kazi. Na kabla ya kukaza hakikisha springi yake inarudi upande gani. Nyingi zinarudi kwenye cheniringi ndogo, lakini kampuni ya SunTour walikuwa na zinazorudi kwenye kubwa, hizo waya unafungwa cheni ikiwa kwenye kubwa.

Kuukalisha na kurekebisha

Watu husema waya mpya unarefuka. Kwa kiasi kikubwa si waya, ni kofia na ncha za ganda zinajikalisha kwenye vituo vyake. Usisubiri zijikalishe barabarani. Cheni ikiwa sproketi kubwa ushike waya pale unapopita wazi kwenye bomba la chini, uvute nje kwa nguvu ya kawaida mara tano sita. Rudi sproketi ndogo, utaukuta umelegea, legeza boliti, vuta tena, kaza.

Leva za kuteleza hazihitaji zaidi ya hapo, ila kama baiskeli inajirudisha gia yenyewe ukipanda mlima, kaza ile skrubu ya katikati ya leva robo mzunguko, msuguano wake umelegea na springi inaishinda. Leva za kubofya: bofya mara moja, cheni ipande sproketi ya pili. Haipandi, fungua ajasta nusu mzunguko kuelekea nje. Inapanda na kugusa ya tatu, rudisha ndani. Halafu jaribu kurudi. Ikipanda vizuri na kurudi kwa uvivu, usiendelee kuzungusha ajasta, hiyo ni alama ya msuguano, rudi kwenye ganda la nyuma na mfereji wa pedali.

Kama unahamishia leva kwenye hendeli

Leva za mwisho wa hendeli au za pamoja na breki zinataka vituo kwenye bomba la chini. Kama fremu ina vitako, kuna vituo vinavyofungwa mahali pa leva, vingi vina na ajasta. Kama ni bangili, kuna vituo vya bangili. Ganda kutoka hendeli mpaka hapo liachie duara la kutosha, geuza hendeli kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, lisivutike popote. Likiwa linajipinda sana na kuchubua hedi, lipeleke ganda la leva ya kulia kwenye kituo cha kushoto, na la kushoto kwenye cha kulia, alafu waya zenyewe zipishane tena chini ya bomba la chini ili kila mmoja arudi upande wake. Zikigusana kidogo hapo kwenye msalaba hakuna shida, zote zimenyooka, hazisuguani kwa nguvu. Ila hii inafaa fremu yenye njia ya chini ya pedali, kwenye njia ya juu bomba lenyewe litakuwa katikati.

Kumalizia

Jaribu kila gia kabla ya kukata ncha. Ukiridhika acha sm 4 hivi, kata kwa pigo moja, vaa kikofia cha mwisho na ukiminye, bila hicho nyuzi zitachanguka na siku ya kutaka kuutoa kuusafisha hautapita tena kwenye ganda. Ncha ikae mbali na cheni na spoku.

Baada ya safari mbili tatu gusa ajasta kidogo, hapo itakuwa imetulia. Ukipita kwenye mvua au tope nyingi, cheni iweke sproketi kubwa, simama, sukuma leva mbele bila kuzungusha pedali, waya utalegea wote. Kama kituo chako kina mwanya pembeni ganda linachomoka lenyewe, unalisogeza, unafuta waya kwa kitambaa chenye tone la oili, unalirudisha. Kama kituo ni cha duara lililofungwa, sogeza ganda kuelekea direla kadiri linavyoenda na ufute sehemu iliyokuwa imejificha, kisha zungusha pedali, cheni irudi sproketi ndogo, usikie kama inashuka kwa mlio mmoja.